Mtama Mchungu wa Sechelela

Nyamazeni niwape! Semeni: tupe! Haya. Kale hiyo, bibi yangu hajazaliwa, wala bibi yake, huko Ugogo kwenye nchi kavu aliolewa binti mmoja, Sechelela.

Enzi hizo bibi harusi haendi mikono mitupu. Mama yake humfungia masuke ya mtama wa kwao, naye bibi harusi huyaning'iniza juu ya moto, yapate moshi, yasiliwe na wadudu hadi msimu wa kupanda. Sechelela alifungiwa mtama mwekundu. Mwekundu, mchungu, mchungu kweli!

Mamamkwe akaonja punje, akatema.

“We binti, hiki chakula au dawa ya minyoo? Hapa tunapanda mweupe tu. Ukiupanda huo wako, utarudi nao kwenu!”

Masikini! Sechelela alimpenda mumewe, na kurudishwa kwao ilikuwa aibu kubwa. Lakini mbegu ya mama angeitupaje? Akaipanda nyuma ya kichuguu, kule mamamkwe asikofika. Alipalilia roho mkononi.

Mtama mweupe ukazaa, kijiji kizima mweupe, mweupe, mweupe. Basi wakaja kwelea, vile vindege wala nafaka, makundi kwa makundi. Acheni, wanangu! Watu walipiga ngoma, walirusha mawe, walipiga kelele hadi sauti zikakauka. Wapi! Yakabaki mabua.

Mamamkwe akakaa chini shambani, akalia. “Tutakula nini sisi?”

Sechelela akamshika mkono, hofu imemjaa, akampeleka nyuma ya kichuguu. Mwekundu umesimama, masuke yamejaa! Kwelea walikuwa wameonja wakatema, kama mtu fulani tunayemjua.

“Lakini mwanangu, uchungu huu…”

“Mama, kwetu tunauloweka kwenye maji ya majivu, tunauosha, tunauanika, ndipo tunasaga.”

Ugali ukaiva. Mamamkwe akamega tonge, akatafuna. Sechelela hata kupumua hakupumua. Mamamkwe akamega jingine. Na jingine.

“Binti yangu,” akasema mdomo umejaa, “tenga mbegu. Mwakani tupande yote miwili, mweupe na mwekundu. Na majirani uwape.”

Sechelela akacheka huku machozi yanamtoka. Uwiii, raha iliyoje! Mwaka ule hawakushiba sana, lakini walivuka, na hakuna aliyerudishwa kwao.

Basi wajukuu, mbegu isiyokupendeza leo usiitupe, hujui mwakani watashuka ndege gani. Kisa nimekimwaga, mwenye kikapu aokote.