Chanzo cha Matembezi

Hapo zamani, kabla miguu ya watu haijatungiwa sheria, mji wa Kiwamba ulikuwa chini ya Sultani Ngwali, ambaye hakuwahi kukanyaga njia za mji wake. Alikuwa akibebwa juu ya kiti chenye pazia. Basi siku moja akachungulia, akaona watu wanapita bila haraka, akachukia. Ikapigwa mbiu: atakayeonekana njiani pasipo shughuli atafukuzwa mjini.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Faki, fukara asiye na shughuli wala dalili ya kuipata.

"Ulikuwa ukienda wapi?" akauliza Sultani.

"Nilikuwa natembea tu, bwana wangu."

"Matembezi! Neno gani hilo? Nionyeshe maana yake na chanzo chake kabla jua halijachwa, ama uhame."

Faki akaingiwa na hofu kwelikweli, maana mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, hana mwingine wa kumkorogea uji. Akasema, "Nakijua chanzo chake, bwana, ila hakibebeki. Hufuatwa kwa miguu."

Sultani, kwa ubishi, akashuka kitini, wakatoka wawili tu. Jua lilikuwa kali. Akavua joho, akavua na kilemba, Faki akavibeba. Kwa Bi Mize, mpika vitumbua wa njiani, wakakaribishwa kula. Penye wacheza bao wakasogezewa mkeka, na desturi ya Kiwamba ni kwamba asiye na haraka hakatai kahawa. Sultani akanywa vikombe vinne, akafungwa mara mbili, akadai mchezo wa tatu. Hapana aliyemtambua, kwa kuwa wote walikijua kiti tu.

Jua likielekea kuchwa, wakafika lango la mji. Askari akamzuia Sultani.

"Waenda wapi, mzee?"

Sultani akatafuta shughuli ya kutaja, asiipate. "Natembea tu."

Ikawa amekamatwa.

"Mimi ndimi Sultani!"

"Sultani hana miguu," akajibu askari. "Mji mzima unajua."

Faki akainama. "Bwana wangu, maana yake umekwisha kuinywa vikombe vinne. Na chanzo chake ndicho hicho: mtu kuulizwa aendako, akakosa la kusema."

Sultani akautazama mkono wa askari begani mwake, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Faki akamvika kilemba. Askari akapiga magoti.

Asubuhi yake sheria ikafutwa, na mama yake Faki akawa analetewa uji kutoka jiko la Sultani. Faki mwenyewe akazawadiwa kile kiti. Hakuwa na watu wa kumbeba, basi akakiweka uani, kuku wakawa wanataga humo. Na kila alasiri Sultani alipopita kwa miguu, aliitwa ndani akapewa mayai.