Ulimi wa Taratibu

Mgema hupanda mnazi kwa uangalifu siku ambayo hakuna anayemtazama. Tembo lake hutoka zuri, wanywaji humsifu, na hapo ndipo mkono wake huanza kuukaribia mtungi wa maji. Mzee Muthama wa mtaa wa Mbotela hakuwahi kugema maishani mwake. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na alichofuga kilikuwa kinyonga.

Alimkuta kwenye michongoma kando ya reli, mguu mmoja umeumia, akamleta nyumbani na kumwita Taratibu. Alimjengea kizimba cha wavu na matawi mlangoni pake. Kila asubuhi alishuka kwenye nyasi za reli na chupa ya plastiki, akarudi nayo imejaa panzi. Majirani walipita mbali, kwa maana wengi waliamini kinyonga ni mkosi. Kwa miaka miwili hakuna aliyesimama pale hata kusalimu, lakini Taratibu alinawiri, kijani kibichi kama jani la mgomba baada ya mvua.

Siku moja Awale, mwenye duka la nafaka lililopakana na nyumba ya Muthama, alihamisha magunia ya mchele akafichua kiota cha panya wachanga. Walikuwa wekundu, bila manyoya, macho yamefumba.

"Mzee, huyu mgeni wako hula nyama?" aliuliza, mmoja kiganjani.

Muthama alimtazama binti yake Ndindi, aliyekuwa amesomea mifugo chuoni.

"Mmoja si vibaya, Baba," alisema Ndindi. "Lakini iwe kama pilau ya Idi, si uji wa kila asubuhi. Na asiwe mwenye meno."

"Nani kakwambia kwetu pilau huliwa Idi tu?" Awale alicheka.

Ulimi wa Taratibu ulichomoka kama mshale. Panya akatoweka. Waliokuwa wakipita walipiga ukemi, na Norah, msusi wa kibanda cha pili, alikuwa ameshainua simu. Kufikia jioni video hiyo ilikuwa imetazamwa na maelfu.

"Mzee, wewe ni noma!" vijana walimwambia. Wanawake waliomkwepa sasa walimwamkia kwa jina.

Sifa zilimwingia Muthama kama maji kwenye mchanga. Kila alasiri umati ulikusanyika, na kila alasiri Awale alihamisha magunia. Chupa ya panzi ikashika vumbi dirishani.

"Baba, viungo vyake vimevimba kwa nyama hii ya kila siku," Ndindi alisema baada ya majuma matatu. "Tawi lenyewe linamshinda kushika."

"Watu wametembea kutoka Pumwani kuja kumwona. Niwaambie nini?"

"Waambie amekumbuka panzi."

Mzee aligeuka akachana ndevu.

Jumamosi umati ulifurika hadi kwenye mtaro. Awale alifika akiwa ameshika mkebe kwa mikono miwili.

"Wachanga wameisha, Mzee. Huyu ameshafungua macho."

"Ana meno, Baba!" Ndindi alimshika mkono. "Tafadhali."

"Mpe! Mpe!" umati uliitikia.

Muthama alitazama uso wa binti yake, kisha akatazama zile simu zilizoinuliwa. Akamwachilia panya ndani ya kizimba.

Ulimi ulichomoka, ukanata. Kufumba na kufumbua, panya aligeuka akauuma ulimi huo. Aliuma tena, akaning'inia, akitafuna huku Taratibu akiyumba tawini na rangi yake ikigeuka nyeusi kama makaa. Muthama alipoingiza mkono na kumng'oa panya yule, ulimi ulibaki nje, umening'inia kama kamba iliyolowa. Haukurudi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja aliangua kilio. Norah alishusha simu, mdomo wazi. Awale alinong'ona, "Ya Rabi, nimeleta nini?" Kisha watu wakaondoka mmojammoja bila kuagana, na mlango ukabaki mtupu kama zamani.

Daktari wa wanyama aliukata ulimi jioni ile.

"Ataishi," alimwambia Muthama, "lakini hatawinda tena. Kila tonge atakalokula litatoka mkononi mwako."

Mzee aliinamisha kichwa. Ndindi akamshika bega.

Tangu siku hiyo, kunapopambazuka, Muthama huwa kwenye nyasi za reli na chupa yake. Akirudi, hufungua kinywa cha Taratibu kwa ncha ya ukucha, humtilia panzi, kisha husubiri ameze. Kazi hiyo huchukua saa nzima.

Asubuhi moja Norah alisimama. "Mzee, nirekodi? Hii itawagusa watu."

Muthama alivuta leso akafunika kizimba.

"Pita salama, mwanangu. Nilitazamwa vya kutosha."

Chini ya leso, polepole, Taratibu alikifumbata kidole cha Muthama kwa mguu uliovimba. Mzee akalia. Ama kweli, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.