Heshima za Mvumbuzi wa Chemchemi

Alikuwepo tajiri mmoja, Bwana Shekiondo, aliyevumbua chemchemi. Wanawake waliochota maji pale tangu enzi za bibi zao ndio waliomwonyesha njia. Akaizungushia chemchemi ukuta, akatia kufuli, kisha akamwendea Bi Mwanamize, msoma wasifu wa marehemu kwenye misiba yote ya mji.

“Wavumbuzi wenzangu wana minara na hotuba,” alisema. “Mkinipa heshima zangu, tutaanza kuzungumza habari ya maji.”

“Bwana mkubwa, hapa kwetu husifiwa marehemu tu,” alijibu Bi Mwanamize. “Labda ulale, ufunikwe shuka, tukusifu kama maiti. Ila ukikohoa tu, sifa zote zimetanguka.”

“Nitatulia kuliko maiti mwenyewe.”

Ijumaa mji mzima ulikusanyika. Bwana Shekiondo alilala kitandani, amefunikwa gubigubi, akisikiliza jinsi alivyovuka jangwa, ambalo lilikuwa shamba la mihogo la jirani, na jinsi alivyomkabili simba, ambaye wote walimfahamu kuwa ni beberu wa imamu. Wazee walilia machozi ya kweli. Shuka likatetemeka kwa raha.

“Na sasa, kama ilivyo ada ya misiba yetu, nasoma wasia,” alisema Bi Mwanamize. “Marehemu ameuachia mji chemchemi yake. Ukuta uvunjwe leo.”

Shuka likaacha kutetemeka. Bi Mwanamize akaligeukia.

“Kama marehemu ana pingamizi, na aseme.”

Watu wakangoja. Marehemu alizipenda mno sifa zake. Hakukohoa.