Simu ya Bafuni

Mlango unaweza kuchongwa maua, ukapakwa vanishi ukang'aa kama kioo, na mpita njia akasimama kuutazama. Lakini hakuna anayeishi mlangoni. Mtu hulala ndani, hula ndani, na akilia hulia ndani. Ndiyo maana waliotutangulia walituonya kwamba nyumba njema si mlango. Uzuri unaoonekana kwa nje si kipimo cha yaliyomo. Hadithi hii ni ya mume na mke ambao mlango wao ulisifiwa mtaa mzima.

Mume alikuwa seremala wa milango. Ule wa nyumbani kwake aliuchonga mwenyewe alipokuwa bado bwana harusi, na hapakuwa na mwingine kama huo mtaani. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Watu waliwaita Baba Pacha na Mama Pacha, kwani walijaliwa watoto pacha, wa kike na wa kiume. Yule wa kiume alifariki angali mdogo. Jina halikufa naye. Kila aliyemwita Mama Pacha alimkumbusha, bila kujua, kwamba aliyebaki ni mmoja.

Wakitoka, walitoka pamoja. Harusini na misibani walikaa bega kwa bega. Majirani wakawabandika jina la Chanda na Pete.

"Tazama wenzetu," wanawake waliwaambia waume zao. "Nyumba ile hutasikia hata siku moja sauti imepanda."

Ni kweli, haikupanda. Haikuwapo hata sauti yenyewe. Tangu siku ya kumzika mtoto wao, Baba Pacha hakuwahi kumsemesha mkewe neno moja. Mkewe alipoona amenuniwa, naye akanuna. Maneno yao yakawa yanapita kwa watu. Binti aliyebaki alikua akiyabeba: "Mwambie baba yako chai iko tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Binti alipoolewa, kazi hiyo ilirithiwa na paka. Wakampa jina Tarishi.

"Tarishi, mwambie mwenzako mvua inakuja, aingize mbao zake."

Paka alipiga miayo tu, lakini mbao ziliingizwa.

Mwaka huo binti yao alipewa zawadi kazini kwake: siku mbili za mapumziko kwa watu wawili katika hoteli kubwa kuliko zote mjini. Yeye na mumewe hawakuitaka. Aliwapelekea wazazi wake.

"Nendeni mkapumzike," aliwaambia. Kisha akamvuta mama yake kando na kumwangalia machoni. "Tarishi atabaki kwangu."

Mama Pacha aliuona mtego. Hata hivyo alikuwa na lake moyoni. Ndani ya sanduku, chini ya gauni la kutokea, alipanga nguo zake zote za maana, mkasi wake wa kushonea, na picha ya marehemu mwanawe. Alikuwa amekwisha kumpigia dada yake mkubwa aliyeishi mji mwingine. Akitoka hotelini hangerudi nyumbani tena. Angekwenda moja kwa moja stendi na kupanda basi.

"Umefikiri vizuri, mdogo wangu?" dada yake alimuuliza. "Watu watasema nini? Nyie ndio mfano wetu."

"Dada, mwanangu alipokufa, hata wapita njia waliniambia pole. Mume wangu hajaniambia mpaka leo. Wanaoutaka mfano huo na waje walale kitandani kwangu wao."



*

Hoteli ilikuwa na zulia nene lililomeza sauti za nyayo. Mlango wa chumba ulifunguka kwa kadi, na Baba Pacha aliupapasa ubao wake kwa kiganja kama daktari anayempima mgonjwa. Ndani kulikuwa na kitanda kipana kama uwanja, mashuka meupe, na taulo iliyokunjwa kwa umbo la ndege. Bafuni, ukutani karibu na choo, palikuwa na simu.

Mama Pacha aliitazama simu ile, kicheko kikamponyoka. Ni nani apigiwaye simu akiwa msalani? Aligeuka apate wa kucheka naye. Aliyekuwapo ni mumewe peke yake. Akakimeza kicheko chake.

Usiku, mezani, walikaa wakitazamana chini ya taa ya vioo. Dada mhudumu alipokuja, Mama Pacha alimwambia, "Mwulize mzee, atakula samaki au kuku?"

Mhudumu alimtazama mzee aliyekaa umbali wa mkono mmoja. Akadhani ni kiziwi. Akainama, akampigia kelele sikioni: "Mzee! Samaki au kuku!"

Ukumbi mzima uligeuka. Baba Pacha aliruka kidogo kitini. "Mwambie samaki," alisema kwa upole. "Na mwambie mama nasikia vizuri."

Walilala kila mmoja ukingoni mwake, katikati wakaacha nafasi ya kutosha watu wengine wawili.

Asubuhi ya kuondoka, wakinywa chai, bibi harusi mmoja aliyekuwa fungateni aliinuka kutoka meza ya jirani, akawajia akitabasamu. "Shikamooni. Samahani, mimi na mwenzangu tumekuwa tukiwatazama tangu jana. Mnakaa pamoja kwa utulivu, wala hamhitaji maneno. Tuambieni siri yenu, wazazi wetu."

Baba Pacha aliinamisha macho kikombeni.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Pacha. "Siri ni kuvumilia." Akaweka kijiko, akaomba radhi, akapanda chumbani. Aliingia bafuni, akajifungia, akafungulia bomba na kulia. Alilia jinsi ambavyo hakulia kwa miaka mingi. Kesho bibi harusi yule naye angeanza kuvumilia kwa kumwiga yeye.

Alipojikaza na kunawa uso, alishika kitasa atoke. Kitasa kilizunguka bure. Alivuta, akasukuma, akakitikisa kwa mikono miwili. Mlango haukutikisika.

Ngo, ngo, ngo. Aliijua ngumi ile. Mumewe alikuwa amepanda, yuko upande wa pili. Alimsikia akikohoa, kikohozi kilekile anachokohoa kabla ya kumtuma Tarishi. Halafu nyayo zikaondoka.

Mara simu ya bafuni ikalia. Mama Pacha alishtuka, nusura ateleze.

"Habari za asubuhi, mama. Hapa ni mapokezi," ilisema sauti ya msichana. "Mzee anasema usiogope, mlango umekwama."

"Mwambie najua umekwama. Mimi ndiye niliye ndani."

Alimsikia msichana akisema na mtu kwenye simu nyingine, kisha akarudi. "Anauliza kama umeumia."

"Mwambie sijaumia."

"Anasema alisikia unalia."

Mama Pacha aliuma mdomo. "Mwambie ni bomba."

"Mama, anasema bomba halina kwikwi."

Msichana wa mapokezi alishusha pumzi.

"Mama, samahani. Kwani mzee yuko wapi?"

"Yuko chumbani, nje ya mlango."

"Mlango huo huo wa bafu? Na ukisema anakusikia?"

"Ananisikia."

"Basi mama, mimi niko huku chini kabisa, na wageni wamenipangia mstari. Nyie mko juu pamoja. Fundi wetu anakuja. Ngoja niwaunganishe muongee wenyewe."

Simu ililia *kwe*, kisha ikatulia. Mama Pacha alisikia pumzi. Ilikuwa ndani ya simu, na ilikuwa nyuma ya mlango pia.

"Mama Pacha."

Sauti ile aliisikia kila siku ikimwambia paka, ikiwaambia wateja. Haikuwa imemwambia yeye tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Umenisemesha," alinong'ona.

"Nisamehe. Nakata sasa hivi."

"Usikate! Nikusamehe nini?"

"Si ulinikataza?"

"Nilikukataza nini, Baba Pacha?"

"Siku ya mazishi. Ulisimama mlangoni, shangazi zako wamekushika huku na huku. Ukaniambia: usinisemeshe tena mpaka naingia kaburini. Nikaona ni haki yako. Wewe ulitaka mtoto apelekwe hospitali asubuhi. Mimi nikasema ngoja nikapachike mlango wa watu, jioni tutampeleka. Jioni tukampeleka..." Sauti ilimkatika. Alipoendelea ilikuwa chini sana. "Nilikunyang'anya mtoto. Sikubakiwa na cha kukupa ila kukutii."

Mama Pacha aliitafuta siku ile kichwani mwake. Aliona mikono ya shangazi zake. Aliona viatu vingi uani. Maneno hayo hakuyaona kabisa.

"Sikumbuki," alisema. "Mume wangu, naapa sikumbuki. Siku ile nilisema mengi. Nilimtukana mpaka daktari. Nilimwambia mchimba kaburi nitamzika yeye. Mbona wao hawakuyashika?"

"Wao hawakuwa na kosa."

Aliteleza akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa simu umebana sikio. "Miaka yote hiyo nangoja uniambie pole. Neno moja tu. Nikasema mtu huyu ana moyo wa jiwe."

"Nilikuwa naisema."

"Ulimwambia nani?"

"Milango. Kule karakana. Kila nilipomaliza kuchonga mmoja, kabla ya kwenda kuupachika, niliuegemea nikauambia."

"Basi milango ya mji mzima imesikia pole yangu," alisema Mama Pacha, machozi yakimshuka mpaka shingoni, "mimi mwenyewe sijaisikia."

Kilichofuata hakikupitia kwenye simu. Kilipita kwenye ubao wa mlango, kutoka mdomo ulioegemea upande wa pili. "Pole, mke wangu. Pole kwa mwanetu."

Ndipo walipolia wote wawili, kila mmoja upande wake. Kilio kile walipaswa kukilia pamoja siku ya msiba, wakakiweka akiba.

Mlango wa chumba ukagongwa. "Fundi hapa! Nimeambiwa kuna mtu amefungiwa."

"Subiri kwanza, fundi mwenzangu," Baba Pacha alijibu akifuta uso kwa mkono wa shati. "Tunaongea."

"Lakini mzee, si mama yuko ndani?"

"Tumefungiwa wote wawili, baba," Mama Pacha aliita kutoka bafuni. "Tuache kidogo."

Fundi alibaki koridoni na mfuko wake wa vifaa, hajui acheke au akaite wakubwa.

Hatimaye Baba Pacha alisema, "Sasa kishike kitasa. Kinyanyue juu, kama unayeipua sufuria. Usikizungushe mpaka usikie kitu kimekaa. Haya, vuta."

Alinyanyua. Kitu kikakaa. Akavuta, mlango ukafunguka. Mumewe alikuwa amesimama mbele yake, simu mkononi, waya umenyooka kutoka kitandani mpaka umekaribia kukatika. Walitazamana kama watu waliokutana stendi baada ya safari ndefu.

"Leo nilikuwa nakwenda kwa dada," alisema Mama Pacha. Hakutaka kuficha tena. "Si kutembea. Kukaa."

"Najua. Sanduku nililibeba mimi. Lilikuwa zito mno kwa siku mbili."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningemtuma nani?"

Swali hilo lilimchoma kuliko yote. Alimtazama mzee wake, mikono iliyojaa makovu ya patasi, macho mekundu, akaona ni mwembamba kuliko alivyodhani. Hakumwambia amemsamehe. Neno hilo lilikuwa bado mbali, na safari hii hakutaka kusema neno ambalo kesho asingelikumbuka. Alifungua sanduku, akaitoa picha ya mtoto, akampa aishike.

"Nitampigia dada asiningoje," alisema. "Ila kabla ya nyumbani, twende kwanza kaburini kwa mtoto. Hatujawahi kwenda wote."

Walipopita mapokezi, bibi harusi wa fungate aliwaona. Nyuso zimevimba, mama anauliza jambo kwa sauti, mzee anajibu akitikisa kichwa. "Jamani," alimnong'oneza mumewe, "hata wale wamegombana!"

Na mtaani ikawa hivyo hivyo. Jioni ile, kutoka nyuma ya mlango wa maua, majirani walisikia sauti zimepanda: moja ikilaumu, nyingine ikijitetea, zote mbili zikilia, kisha zikicheka habari za mhudumu na kiziwi wake. Ziliendelea hata siku zilizofuata. Tarishi alirudishwa akakuta hana kazi, akawa analala tu dirishani.

"Ile hoteli imewaponza," walisema wanawake kisimani, wakisikitika kwelikweli. "Chanda na Pete ndiyo kwisha habari yao. Na nyumba ilivyokuwa nzuri ile!"

Mama Pacha aliyasikia maneno hayo alipokuja kuchota maji. Hakubishana nao. Walisimama nje siku zote, wangejuaje? Alijitwika ndoo yake akarudi nyumbani, na kabla hajafika kizingitini alisikia sauti ikimwita kutoka ndani, kwa jina lake, bila kutumwa mtu. Hakika, nyumba njema si mlango.