Kwa Nini Kifurushi cha Programu Hakigusi Baraza ya Seva

Leo asubuhi Saumu, huyu mwenzetu aliyetoka maktaba kuja kujifunza kwetu, ameuliza swali na nyinyi mkamcheka. Amesakinisha programu ya picha kwenye seva, kompyuta yetu inayotoa kurasa za mtandaoni. Alipokwenda kuitafuta katika folda ya mbele, ile ambayo ulimwengu mzima unaichungulia, hakuikuta. Akauliza kwa nini programu ikifika haijiweki pale pale panapoonekana. Kuuliza si ujinga. Sasa vuteni viti, maana waliocheka nao hawalijui jibu.

Wakati mashine bado hazijapata adabu, ndani ya seva mlikuwa na mji, na vifurushi vya programu walikuwa watu. Walikuja kwa miguu yao, kila mmoja na mzigo wake kichwani, na ndani ya mzigo mlikuwa na kila alichohitaji kufanyia kazi. Hakuja mtu ambaye hakuitwa. Mwenye nyumba akihitaji kuhesabiwa mali yake, aliita kifurushi cha hesabu. Akihitaji kupelekewa barua, aliita cha barua.

Mji huo uliitwa Sevani, na nyumba iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya Bi Mwanakheri, mwanamke mfupi asiyependa mzaha kazini. Nyuma alikuwa na ghala, katikati ua, na mbele baraza. Kwenye ukuta wa baraza palikuwa na msumari mmoja tu. Ukurasa uliotundikwa hapo ndio uliosomwa na kila mpita njia, hata aliyetoka nchi za mbali.

Bi Mwanakheri alikuwa ametundika orodha ya wakunga. Majina kumi, mtaa wa kila mmoja, na siku ambazo mkunga huyo yumo nyumbani. Aliikusanya kwa miaka sita, akirekebisha kila mmoja alipohama au alipougua. Mume ambaye mkewe ameshikwa na uchungu alikuja mbio, akasoma, akajua pa kukimbilia. Nakala nyingine ya orodha hiyo hakuwa nayo. Msimseme, nyinyi wenyewe nakala hamna.

Basi watoto walipozaliwa salama, mama zao wakaanza kumletea picha. Zikajaa mpaka mezani pa kulia. Bi Mwanakheri akaona amwite Albamu, kifurushi aliyesifika kwa kupanga picha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, naye alitaka kupona na zile picha.

Albamu alikuwa mwanamke wa makamo, msafi, mwenye kujivunia malezi ya kwao. Vifurushi wote walilelewa kwa adabu mbili. Ufikapo, tundika tangazo lako mahali pa mbele, ili aliyekuita ajue umefika. Uondokapo, fagia ulipokaa, usiache hata uzi. Mnaona ubaya wowote hapo? Mimi niliposimuliwa mara ya kwanza sikuuona.

Siku aliyofika, Bi Mwanakheri alikuwa ameenda sokoni. Albamu akatua mzigo wake barazani, akauona ule msumari, akatundika tangazo lake juu ya ukurasa uliokuwepo. Liliandikwa: "Karibu. Albamu amefika na anafanya kazi." Kisha akaketi kumngoja mwenyeji, ameridhika kabisa.

Adhuhuri akaja Shee, mwashi, vumbi la chokaa bado liko mikononi. Alisimama mbele ya ukuta, akasoma mara moja, akarudia.

"Natafuta mkunga," alisema.

"Mkunga simjui, kaka yangu," Albamu alimjibu kwa upole. "Una picha nikupangie?"

Shee hakuwa na picha. Alikuwa na mke sakafuni na mtoto aliyekuwa anakuja. Aligeuka akarudi mbio mikono mitupu. Aliyemsaidia mkewe ni jirani, Bi Mwanatime muuza mbaazi, ambaye alikuwa amezaa mara sita lakini hakuna aliyewahi kumwita mkunga. Mtoto alitoka kitovu kimemzonga shingoni. Bi Mwanatime akakizongoa taratibu kwa vidole vile vile vya kuchambulia mbaazi, na mtoto akalia.

Alasiri Shee alirudi, akamkuta Bi Mwanakheri ametoka sokoni na kuingia kwa mlango wa uani, na alikuwa hana hata hasira. "Ungetuambia, Bi," alisema. "Kama ile kazi umeiacha, ungetuambia." Maneno hayo yalimuuma kuliko matusi. Bi Mwanakheri akaenda barazani, akaliona tangazo, ndipo akajua lililotokea. Akamwambia Albamu afunge mzigo wake aende, kisha akaingia ndani na Shee kumtengea maji ya kunywa, ili wakitoka amsomee jina la mkunga wa kumwangalia mzazi.

Albamu alitii. Na kwa kuwa alikuwa anaondoka, alitimiza adabu ya pili. Alitoa tangazo lake, akatoa na kila kilichokuwa chini yake, akafagia baraza kutoka pembe hadi pembe, takataka akazichoma uani. Bi Mwanakheri alipotoka, ukuta ulikuwa mweupe.

"Orodha yangu iko wapi?"

"Nimefagia, Bi. Sijaacha hata uzi."

Nikifika hapa huwa nawahurumia wote wawili. Bi Mwanakheri alikaa chini kwenye ile sakafu safi. Majina aliyakumbuka, lakini mitaa na siku zilikuwa zimeteketea, na mjini palikuwa na wanawake saba waliokuwa wakihesabu siku zao za kujifungua. Alitaka kumlaumu mgeni, akakosa pa kuanzia. Mgeni alifanya kila alichofundishwa, na alikifanya vizuri.

"Nitakwenda na wewe kuwatafuta," Albamu alisema. "Mimi nitabeba karatasi."

Walitembea siku tatu, nyumba kwa nyumba, wakiuliza upya na kuandika upya. Siku ya tatu Albamu alisema jambo lililokuwa likimsumbua. Alikuwa na mzigo, na mzigo lazima utuliwe mahali. Kama si barazani, basi wapi?

Swali hilo lilimshika Bi Mwanakheri. Waliporudi na orodha ikatundikwa, walianza kujaribu. Kwanza Albamu aliweka vitu vyake chumbani, kwenye kabati la mwenye nyumba. Asubuhi Bi Mwanakheri alitafuta kanga yake akatoa fremu za picha. Wakahamia ukumbi wa wasafiri wa pale mjini, ambao ulikuwa mtupu na wenye nafasi. Wakasahau kwamba ukumbi huo hufagiliwa kila kukicha kwa sababu hakuna akaaye. Albamu aliuwahi mzigo wake ukiwa ukingoni mwa jalala. Walicheka siku hiyo, mara ya kwanza tangu wajuane.

Mwisho wakaenda ghalani. Kulikuwa na giza na panya mmoja, lakini rafu zilikuwa ndefu. Albamu akachagua moja, akaandika jina lake juu yake, akapanga vitu vyake vyote hapo. Siku ikipita, siku ikifuata, hakumgusa mtu na mtu hakumgusa.

"Lakini huku ataniona nani?" aliuliza. "Kazi yangu ni kuonekana."

 Bi Mwanakheri akachukua kalamu, akaenda barazani, na chini kabisa ya orodha ya wakunga akaandika kwa mkono wake: "Atakaye kuona picha za watoto, apite njia ya Albamu." Akatoboa kijia kutoka barazani hadi kwenye ile rafu. Watu wakapita, wakaona, wakarudi. Msumari haukuguswa.

"Basi baraza ni yako," Albamu alisema taratibu, kama mtu anayejifunza, "na rafu ni yangu."

"Na siku ukiondoka?"

"Nitafagia rafu."

Albamu aliipeleka habari hiyo kwao, na vifurushi wakaitia katika malezi ya watoto wao. Tangu siku hiyo, kifurushi chochote kinachoijua adabu hupanga vitu vyake ghalani, kwenye rafu yenye jina lake, hata kama kazi yake yote ni kutazamwa. Baraza ni ya mwenye nyumba. Ukiifikia seva mpya utakuta ukurasa mmoja tu mbele, wenye maneno machache ya kukaribisha, nao umewekwa pale kwa sababu bado hujaweka wako. Ukishaweka wako, hakuna mgeni wa kuugusa. Na ukikiondoa kifurushi, kinafagia rafu yake tu, kinakwenda zake.

Kwa hiyo, Saumu, programu yako haijapotea. Ipo ghalani, yaani katika folda ya ndani yenye jina lake, na wewe wa maktaba unajua rafu ni nini. Inangoja mwenye nyumba atoboe njia, na leo mwenye nyumba ni wewe.

Ile orodha ya Bi Mwanakheri nasikia haikuwahi tena kuwa ya majina kumi. Walipokuwa wakiiandika upya, siku ya kwanza kabisa, nyumba waliyoanza kubisha hodi ilikuwa ya muuza mbaazi. Bi Mwanatime aliwaambia wamekosea, yeye si mkunga. Bi Mwanakheri alimuuliza ni siku zipi huwa yumo nyumbani, akaandika.