Kwa Nini Mwingereza Ana Neno Moja kwa Yaliyokoma na kwa Aliyoyazoea

Ninyi mnaojifunza Kiingereza mmeniuliza mara nyingi kwa nini Mwingereza husema "used to" anapotaja jambo alilokuwa akilifanya zamani na sasa limekoma, kisha akalirudia neno hilohilo anapotaja jambo alilolizoea. Mnanung'unika kwamba wenzetu ni wachoyo wa maneno. Si uchoyo. Sogeeni niwaeleze, maana neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mwanamke.

Hapo kale lugha ya Waingereza ilikuwa changa bado. Sisi tuna "huimba", tuna "alikuwa akiimba", tuna "amezoea kuimba". Wao walikuwa na mawili tu: anaimba na aliimba. Na hiyo "aliimba" yao ilikuwa ya mara moja, kama mtu aliyepiga chafya. Aliimba, kwisha. Watu waliishi hivyo miaka na miaka wala hawakuona pengo. Aliyeliona ni Edeva.

Edeva alikuwa mke wa Osbeti, mchota maji wa kijiji kimoja cha mlimani, kwenye baridi ya kupasua midomo. Kila kulipokucha Osbeti alikuwa akishuka bondeni kwenye chemchemi, mzega begani, ule mti wa kuning'iniza ndoo huku na huku, kisha akipanda nao mlima huku akiimba. Sauti hakuwa nayo. Hata kondoo waliacha kula wakamtazama. Akifika nyumbani, kwa kuwa mikono yake ilizuia ndoo zisiyumbe, aligonga mlango kwa kiwiko, na Edeva akafungua huku akisema, "Karibu, mwimbaji. Umeamsha mpaka waliozikwa." Osbeti alicheka kila siku, kama vile ndiyo kwanza anausikia utani huo. Watoto hawakujaliwa. Walijaliwa hayo.

Majira ya theluji, homa ya kifua ikamwangusha Osbeti, asiinuke tena. Walipokusanyika kumpa mjane pole, jirani mmoja akasema kwa nia njema kabisa, "Osbeti aliimba."

Edeva akainua kichwa. Asubuhi zote zile, leo zimekuwa moja?

"Osbeti anaimba," akasema.

Watu wakatazamana. Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Osbeti anapenda uji mzito, alisema. Osbeti anagonga kwa kiwiko. Msidhani alirukwa na akili. Alijua fika mumewe alipo, maana mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomwosha. Ila katika maneno mawili aliyopewa, moja lilikuwa uongo, na la pili lilikuwa uongo mkubwa zaidi.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mjane aliyemtaja marehemu kama aliye hai aliaminika kuwa anamwita arudi, na anayeitwa asiporudi peke yake, hurudi na wafu wengine. Mjane wa namna hiyo alikuwa akizimiwa moto, nyumba yake ikifungwa, naye akipelekwa kuishi kwa ndugu chini ya ulinzi mpaka kufa kwake. Wazee hawakuwa watu wabaya. Waliogopa tu, kama waogopavyo watu wenye watoto ndani.

Gunilda, dada yake Osbeti, ndiye aliyekuja kumwonya.

"Wifi yangu, baraza la wazee litakuja mlangoni kwako theluji ikiyeyuka. Waambie aliimba. Neno moja tu, wakuache na nyumba yako."

"Nikisema aliimba, nitakuwa nimemnyang'anya siku zake zote nikamwachia moja. Wewe ni damu yake, Gunilda. Ungekubali?"

Gunilda akamsaidia kuchochea moto, akaenda zake.

Wakati huohuo maji hayakumsubiri mtu. Edeva akautwaa mzega wa marehemu, akashuka bondeni. Siku za kwanza aliteleza, akamwaga, akarudi na nusu ndoo na bega lililochunika. Aliogopa njia, aliogopa zaidi kimya cha njia. Lakini siku zikasogea, mguu ukajua pa kukanyaga, na bega likaota sugu pale mti unapolala. Hakuona lini jambo hilo lilitokea. Hadi asubuhi moja alipofika nyumbani, akausukuma mlango kwa kiwiko chake mwenyewe, akaingia, akatua ndoo, na papo hapo akatambua kwamba hakuwa amengoja mtu amfungulie, wala yeye hakuwa amemfungulia mtu. Siku kadhaa zilikuwa zimepita bila yeye kukumbuka kungoja.

Akaketi chini akalia. Alikuwa amelia kwa kumpoteza mume. Sasa alilia kwa sababu ameweza.

Theluji ikayeyuka, baraza likaja. Mbele alisimama Mzee Wulfriki, mtu mwenye ndevu nyingi na maneno machache, na nyuma yake kijiji kizima.

"Mama Edeva," akasema, "tumekuja kwa heshima. Osbeti anaimba, au aliimba?"

"Mzee wangu, nifuateni kwanza."

Akawaongoza mpaka mwanzo wa njia ya chemchemi. Mahali hapo njia ilipita juu ya jiwe, na jiwe lilikuwa limeliwa katikati, laini kama kiganja.

"Nani aliichonga njia hii?"

"Hakuna aliyeichonga," akasema Wulfriki. "Imetumika." Kwa lugha yao alisema "used".

"Ilitumika mara moja?"

"Mara moja haiwezi kula jiwe, binti yangu."

"Basi hilo la kutumika ndilo neno langu. Osbeti haimbi tena. Yuko kaburini, najua. Wala hakuimba mara moja. Osbeti alitumika kuimba."

Watu wakaligeuza neno lile mdomoni kama kiazi cha moto. Lilikuwa geni, ila halikuwa uongo. Gunilda ndiye wa kwanza kulimeza.

"Kaka yangu alitumika kunivuta nywele," akasema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Edeva akamshika mkono.

Wulfriki akauliza taratibu, "Na wewe je, binti yangu, unaishije?"

Edeva akafunua bega, wakaiona sugu. "Nimetumika na mzega. Nimetumika na kimya."

"Neno lilelile?"

"Lilelile, mzee. Yeye aliisugua njia. Mimi nimesuguliwa."

Mzee alikuwa mtu asiyependa mambo kuchanganyikana, kwa hiyo akaweka mpaka. Anayetaja yaliyokoma, akasema, alitamke neno hilo tupu. Lakini anayetaja aliyoyazoea, atangulize kusema kwamba yupo. Aseme "I am", kisha ndipo aliseme neno, kwa kuwa aliyezoea ni lazima awe hai. Kisha akamgeukia Edeva. "Na wewe upo, mama. Moto wako hauzimwi."

Wakashuka wote bondeni, na kila mmoja akampandishia Edeva maji siku hiyo.

Na tangu siku hiyo, Waingereza wana neno moja kwa hayo mawili. Mkilikuta limesimama peke yake mbele ya kitendo, jueni kuna asubuhi nyingi zilizokwisha. Na mkilisikia limetanguliwa na "I am", msikimbilie kusahihisha sarufi ya msemaji. Msikilizeni kwanza, maana huenda anawaambia kwamba ameumia, na yupo.