Michembe Mgongoni mwa Kakakuona

Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, nimekaa juu ya kichuguu, tena aliyekuwa nyuma yangu alinigombeza kwamba kichwa changu kinamzibia. Anayebisha aseme kwanza yeye siku hiyo alikuwa wapi.

Zama hizo fisi alikuwa bado hajaanza kuchechemea, na kakakuona hakuwa na gamba hata moja. Ngozi yake ilikuwa tupu, laini kama tumbo la chura, na aliishi ndani kabisa ya msitu, asikofika mtu. Ndiyo maana asubuhi moja ya kiangazi Kalunde, mjane wa kijiji cha Igumilo, alipomaliza kutandaza vipande vya viazi mwambani vikauke viwe michembe, akageuka na kumkuta mnyama huyo mlangoni pake, hakujua amwamkie au amfukuze. Mkia kama wa kenge, ulimi mrefu kama kamba, halafu anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono kaikunja kifuani kama mzee aliyekwenda kuposa.

Akamwita Mlekwa, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, njoo unisaidie macho. Sijui ni mnyama, sijui ni mtu."

Mlekwa akamzunguka mgeni, akarudi akamzungukia upande mwingine. "Samaki huyu," akasema.

"Samaki gani anatembea, shemeji?"

"Anatafuta maji. Huoni alivyokonda?"

Watu wakajaa uani. Huyu akasema ni kenge aliyechunwa akakimbia, yule akasema ni mzimu. Mwisho akafika mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji, na fimbo yake. Alichanganyikiwa kuliko wote, ila cheo hakikumruhusu kuonyesha.

"Kiumbe kisicho na ukoo ni nuksi," alitamka. "Jua likizama hatujajua ni mgeni wa namna gani, nyumba aliyoijia tunaichoma. Nawe Kalunde utarudi kwenu."

Kalunde akaitazama nyumba yake. Kwao alikuwa amebaki nani? Nyumba ile ndiyo aliyoijenga na mumewe, udongo wameukanda kwa miguu yao wenyewe. Akaikumbuka desturi ya Igumilo: mgeni haulizwi jina, hutandikiwa vitu, na atakachogusa ndicho kitakachomtaja. Akaweka chini bakuli la maji, kibuyu cha unga, na jembe.

Mnyama akachovya pua majini.

"Mvuvi!" Mlekwa akaruka. "Nilisema mimi!"

Mnyama akakanyaga unga. Kisha akaburuza mkia juu ya jembe, akapita zake.

"Sasa huyu ni mvuvi anayelima?" mtu akauliza.

"Au mkulima aliyeshindwa, kaenda kuvua."

Mwanangwa akakuna kidevu. Kalunde alimtazama mgeni kwa macho ya kumsihi, lakini mgeni akaingia ndani moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya kati, akaanza kuichana kwa kucha na kuilamba.

"Anabomoa nyumba!"

Wanaume wakachukua marungu. Kakakuona akapita katikati ya miguu yao, akatoka mbio, akateleza mwambani na kubiringika juu ya viazi vibichi, akajikunja duara kwa woga. Utomvu ukanata, vipande vikamganda mgongo mzima hadi ncha ya mkia. Wakamzingira wampige, lakini ukazuka ubishi: ni halali kumpiga mgeni aliyekwisha kugusa maji ya nyumba? Walibishana mpaka jua likapinda. Walipokubaliana, michembe ilikuwa imekauka ikawa migumu kama vigae. Rungu la Mlekwa lilidunda mgongoni mwa mgeni, likamrudia yeye mwenyewe pajani.

Kalunde alikuwa ameingia ndani kutazama hasara. Akagusa nguzo, kidole kikazama. Ndani ilikuwa tupu, mchwa wanatiririka kama uji unaochemka. Akatoka mbio.

"Ondokeni ukutani! Ondokeni!"

Paa likaguna. Nyumba ikaketi chini yote, vumbi likawafunika.

Kalunde akajipangusa vumbi usoni. "Usiku ningelala humo, mwanangwa. Mgeni wangu amejulikana: anakula mchwa. Haya, choma."

Mwanangwa alitazama jua, akatazama rundo la udongo. Nyumba ya kuchoma haipo, na iliyojiangukia yenyewe, kwa sheria ya Igumilo, hujengwa upya na kijiji kizima. Akaiweka fimbo yake chini. Kisha akaenda kubeba nguzo ya kwanza.

Kakakuona akajikunjua polepole, akajigeuza atazame mgongo wake, akashtuka kana kwamba ameona mtu mwingine. Akaondoka na chakula cha mjane.

Na tangu siku hiyo kakakuona huvaa michembe ya Kalunde, na akitishwa hujikunja duara. Nasi akionekana karibu na nyumba humtandikia maji, unga na jembe, tunakusanyika, na hakuna wawili wanaokubaliana amesema nini.

Yote ni kweli tupu. Ila hilo la mwanangwa kubeba nguzo nimelitia mwenyewe. Alibeba kamba.